Sikio Nililomnyima Bibi

Mwanangu alizaliwa hapa Johannesburg, na sauti ya kwanza ya kwetu kuingia sikioni mwake ilipita kwenye simu. Baba yangu alimwadhinia akiwa Tanga, mimi nimelala kitandani hospitali, simu nimeibana kwenye kisikio chekundu kisichozidi kipande cha chungwa. Niliona fahari. Miaka sita baadaye fahari hiyo ikanigeukia.

Aliyemfundisha Kiswahili ni bibi yake, mama yangu. Si mimi. Mimi nashona sare za shule kwenye karakana moja Doornfontein, na nikifika nyumbani Turffontein mdomo umeshachoka. Mtoto akitoka shule huletwa karakanani, anakaa juu ya marobota ya vitambaa na kupiga simu Tanga. Mchezo wao ulikuwa vitendawili. Mama anatega kwa kunong'ona kana kwamba anatoa siri ya watu, na mtoto akishindwa, anadaiwa mji kabla ya kupewa jibu.

"Nipe mji, mke mwenzangu."

"Nakupa Soweto."

"Soweto kubwa, nitapotea. Nipe mwingine."

"Turffontein."

"Si ndiko kwenye farasi wa mashindano huko? Farasi wananuka kuliko babu yako. Siutaki!"

Mtoto anacheka mpaka anadondoka kwenye robota. Mimi nashona, nasikia upande mmoja tu wa maneno, na wa pili najaza mwenyewe. Hiyo ndiyo ilikuwa Tanga yangu ya kila siku.

Halafu mtoto akaanza kuumwa kichwa. Anashika paji la uso, anakunja macho. Wiki hiyohiyo, kwenye grupu la akina mama wa kwetu tunaoishi huku, ikaingia sauti ya mwanamke asiyejitaja. Mionzi ya simu, akasema, inachemsha ubongo wa mtoto kama uji, polepole, na wewe mama huna habari. Hata hedifoni, akasema, ni bomba tu la kupitishia mionzi. Niliisikiliza mara tatu chooni. Nikakumbuka kile kisikio chekundu. Nikatoka, nikampokonya mtoto simu bibi yake akiwa katikati ya neno.

"Simu inapika ubongo," nikamwambia. "Usiiweke tena sikioni. Umenisikia?"

Nilijaribu spika, simu nikaiweka mezani mbali naye. Lakini vyerehani vinane vinanguruma pale, na mama hawezi kunong'ona kwa kupiga kelele.

"Nani hao wanasikiliza?" akauliza. "Mbona mmeniweka redioni?"

Wenzangu wakacheka. Yeye hakucheka. Akaaga. Sikumweleza sababu. Nilimdanganya kwamba mtoto ana masomo mengi, ana miaka sita! Baada ya muda akaacha kumuulizia, akawa ananisalimu mimi tu, na salamu ikiisha hatuna la kusema.

Ikapita miezi minne, tangu baridi ilipoanza mpaka tukarudisha mablanketi kabatini. Kichwa kiliendelea kuuma vilevile. Kilichopungua ni Kiswahili. Nikimwita anajibu "yes", akicheza na wenzake uani ni Kizulu kitupu. Siku moja nikamwambia lete kawa nifunike chakula, akaniletea sufuria. Eish, nilimfokea kana kwamba kosa ni lake.

Mwishowe nikampeleka kliniki. Nesi akamsimamisha mbele ya herufi za ukutani. Mstari wa juu akasoma, wa pili akabahatisha, wa tatu akasema hakuna kitu pale.

"Huyu anahitaji miwani, mama," nesi akasema.

Nikamuuliza habari ya mionzi. Akaweka kalamu chini.

"Bado wanaendelea kuchunguza. Mpaka sasa hawajathibitisha kwamba simu inaumiza ubongo. Kama una wasiwasi, mpunguzie muda. Lakini kichwa hiki ni macho."

Macho! Yule mwanamke wa grupu simjui, na siku nikimjua atanikoma. Lakini mkono uliompokonya mtoto simu ni wangu, na huo sina pa kuupeleka.

Jumapili mchana nikapiga Tanga, nikampa mtoto simu. Akaishika mbali na kichwa, mkono umenyooka, miwani mipya imemshuka puani.

"Weka sikioni."

"Ulisema inapika ubongo."

"Nilisema. Weka."

Nikasogeza kichwa changu upande wa pili wa simu. Mama hakuuliza kitu. Akanong'ona, "Kitendawili!"

Mtoto akanitazama. Neno limemtoka kichwani. Nikamwonyesha kwa midomo.

"Te-ga," akasema.

Mama akatega kile cha nyumba isiyo na mlango, ambacho zamani mtoto alikijibu kabla hakijaisha. Sasa akaisukuma miwani juu, akatikisa kichwa. Jibu lilikuwa linaniwasha ulimi, nikalimeza.

"Basi nipe mji, mke mwenzangu."

Akafikiri sana. "Nakupa Tanga."

Nikamsikia mama akivuta pumzi. "Huo siuchukui. Huo utakuja kuukuta mwenyewe. Nipe mwingine."

"Sina mwingine, Bibi."

"Basi jibu nakaa nalo mpaka uje."

Mtoto akanigeukia, simu bado sikioni. "Mama, tunaenda lini?"