Mtungi wa Siku ya Kumi na Nne

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa koti jeupe lililonipwaya na mtungi wa kioo. Sista Mkuu, mama wa Kizungu mwenye sauti ya chini, akaniambia, "John, kila tone. Usiku na mchana, kila tone." Jina langu si John, lakini siku zile hapa Durban wafanyakazi weusi wengi tuliitwa John, na yeye hakuwa mtu mbaya.

Shule niliiachia darasa la nne huko Songea, nikapita migodini, ndipo nikafika huku. Kwa hiyo ninyi vijana mliosoma mnisamehe nikikosea; naeleza nilivyoelewa mimi. Miaka ile redio zilikuwa hazina habari nyingine ila watu kupelekwa angani. Madaktari walikuwa na hofu moja. Kule juu mwili hauna uzito, miguu haibebi kitu, na mfupa usiobeba huanza kupoteza chokaa yake. Chokaa hiyo hutoka na mkojo. Sasa nyumba yetu ya utafiti, pale mtaa wa Glenwood, haikuwa na roketi. Daktari Mkuu alifanya lililowezekana: alimlaza kijana mwenye afya wiki tatu kitandani, bila kuketi, bila kusimama hata kwenda chooni, tukapima alichokula na alichotoa. Mimi nilikuwa wa alichotoa. Mkojo wa saa ishirini na nne niliukusanya katika mtungi mmoja, wenye tindikali kidogo ili usiharibike, kisha ukaenda chumba cha vipimo. Ukipungua, hesabu ya siku nzima imekufa.

Kijana wa mwaka ule alikuwa mwanafunzi mcheza raga, mabega kama mlango. Siku ya kwanza alicheka: "Kulala tu? Hii ni likizo!" Siku ya kumi alikuwa akihesabu mbao za dari kwa sauti.

Asubuhi ya siku ya kumi na nne mtungi ukaniteleza kwenye sinki. Haukuvunjika, ila ulimwagika. Labda robo, labda nusu. Saidi, Mtanganyika mwenzangu aliyekuwa dobi wetu, akachungulia na mashuka yake begani.

"Eish, ndugu yangu. Tia wako."

"Wangu?"

"Kwani mkojo una jina? Au ongeza maji, ufike palepale. Nani atajua?"

"Mashine itajua."

"Mashine haina pasi, bwana. Wewe unayo."

Alisema kweli. Mweusi aliyefukuzwa kazi alipoteza pasi, yaani kibali cha kukaa mjini. Pasi yangu ikifutwa, ningerudishwa kwetu mikono mitupu. Saidi akaenda zake na mashuka. Nikabaki pale na mtungi. Kisha nikauchukua ulivyo, nikaenda kwa Daktari Mkuu.

Hakupaza sauti. "Umemwaga kiasi gani?"

"Sijui, Daktari."

"Kadiria."

"Nikikadiria nitakudanganya."

Alivua miwani, akaifuta muda mrefu. Akafungua daftari kubwa, akapiga mstari kwenye nafasi ya siku ile. "Pengo ninalolijua naweza kufanya nalo kazi," alisema. "Lakini kijana ataongezewa siku moja. Na atakayemwambia ni wewe."

Nikamwambia kijana. Alinirushia mto, na mto wa mcheza raga si mchezo. "Siku nzima, John! Unajua siku moja ina mbao ngapi?" Nilistahili. Jioni akaniuliza jina langu hasa, nikamwambia ni Rajabu. Akanitukana kwa jina hilo mpaka siku alipoinuka, magoti yakimtetemeka kama ndama, ameushika mkono wangu asianguke.

Wiki iliyofuata Daktari Mkuu alinipa kalamu. Tangu hapo nilipima na kuandika daftarini mwenyewe, kazi iliyokuwa ya Sista peke yake. Niseme haki: mshahara haukupanda, na mlango wangu ulibaki ule wa nyuma mpaka sheria zilipobadilika. Lakini alinikalisha karibu yake akanifundisha desimali, na alikuwa na subira kuliko mwalimu wangu wa Songea. Baadaye nilihamishiwa chumba cha baiskeli isiyokwenda, ambako watu walikanyaga pedali huku wakipumulia mfuko mkubwa, tujue wanatumia hewa kiasi gani. Halafu stoo. Halafu nikastaafu. Siku ya kuniaga Daktari Mkuu, ameshakuwa mzee wa fimbo, aliwaambia wote, "Huyu alikuja kwangu mwenyewe."

Neno hilo nimelishukuru mpaka leo, hapa mtaa wa Overport ninapokaa kwa binti yangu. Ila nikiandika nusu nitakuwa nimewadanganya ninyi. Saidi alipoondoka na mashuka yake, nilifungua bomba. Maji yalikuwa yanatoka na mtungi uko mkononi, nikasikia viatu vya Sista kwenye korido. Nikafunga. Asingepita, ningefanyaje? Nimejiuliza miaka mingi, na sijui.

Daktari sikumwambia. Kalamu alimpa mtu aliyekuja mwenyewe, na kila asubuhi iliyofuata, nikiinama kusoma kipimo, nilijitahidi nifanane na mtu huyo.