Kitabu Kisichofunguliwa Boti Zikiwa Nje

Saa tisa alasiri, upepo unapiga ubavu wa gari la maktaba mpaka vitabu vinagongana rafuni. Gobnait Hurley anazima injini kando ya gati la Cuas Bán, kusini mwa Ireland, lakini hafungui mlango. Anazitazama boti za wavuvi kwanza.

"Ya Donncha haipo," anasema, na mkono unarudi kwenye funguo. Anatamani kuondoka. Haondoki.

Kwa zaidi ya miaka ishirini mama huyu wa miaka hamsini na sita amekuwa akizunguka bandari ndogondogo na gari hili, akiazimisha vitabu na kuwasomea watoto wakitoka shule. Rafu inayogombaniwa ni ile ya vitabu vya Lusitania, meli ya abiria iliyozamishwa na nyambizi mbele ya pwani hiihii wakati wa vita, mwaka 1915. Ilizama kwa dakika kumi na nane. Zaidi ya watu elfu moja walikufa.

"Waletee cha sungura uone," anasema Gobnait. "Watakuangalia kama umewatukana."

Ila Cuas Bán wana mwiko wao: kitabu cha meli kuzama hakifunguliwi boti zikiwa nje. Mgeni akisikia hivyo hucheka.

"Cheka tu," anasema Gobnait. "Kaka yangu Fachtna alipotea baharini nikiwa na miaka tisa. Jioni ile nilikuwa mezani nasoma kitabu cha meli. Mama alikinyakua, akakitia motoni. Hakunigombeza hata kidogo, na hapo ndipo nilipoogopa kwelikweli."

Ndiyo maana hutazama gati kabla ya kusoma. Na ndiyo maana kosa la wiki mbili zilizopita limemnyima usingizi.

Siku ile aliona boti ya bluu imefungwa mahali pa Donncha, akajua wote wamerudi. Kumbe ilikuwa boti ya wageni, imejikinga na upepo. Akawafungulia watoto kitabu cha Lusitania. Alikuwa amefika pale kaka na dada wanapoanguka majini wameshikilia ubao mmoja, mara kifaa cha mwito kikalia kiunoni mwa Mwalimu Tadhg, ambaye ni mwokoaji wa baharini wa kujitolea.

"Nani?" aliuliza Gobnait.

"Donncha," alijibu mwalimu, akatoka mbio, koti kaliacha.

Sadhbh, binti wa Donncha mwenye miaka saba, alikuwa ameketi palepale miguuni pa Gobnait. Gobnait alikifunga kitabu kwa kishindo.

"Ni wewe! Umesoma baba yuko nje!" alipiga kelele mtoto.

Injini ya Donncha ilikuwa imezimika, boti inasukumwa kwenye miamba. Waokoaji waliivuta, Donncha akarudi mzima, anailaani injini njia nzima. Lakini Gobnait alikificha kitabu chini ya kiti cha dereva, na huko kimebaki. "Mtu mzima mimi, naogopa karatasi," anasema. "Naogopa, basi."

Leo mlango unagongwa. Ni Sadhbh, kwa mara ya kwanza tangu siku ile.

"Kiko wapi?"

"Kipi, kipenzi?"

"Usijifanye hujui."

"Baba yako yuko nje. Chukua hiki cha farasi."

"Sitaki farasi!" Mtoto anakisukuma kando. "Ulifunga kitabu wale watoto wakiwa majini. Mpaka leo wako majini, Gobnait. Nikilala nawaona. Maji ni ya baridi!"

Gobnait anashika ukingo wa rafu. Hilo halikuwahi kumjia akilini.

"Tutamsubiri baba yako," anasema hatimaye. "Akifunga boti, nasoma."

Anamimina chai, anakata mkate wa magadi. Hakuna anayekula. Upepo unazidi, giza linaingia mapema kama kawaida ya Novemba, na wote wawili wamekodolea macho mlango wa bandari.

"Asiporudi je?"

"Nyamaza, mwanangu. Kunywa chai." Chai ya Gobnait mwenyewe inamwagika mkononi.

Taa inatokea. Inazama nyuma ya wimbi, inatokea tena. Muda si muda Donncha yuko mlangoni, buti zinachuruzika maji.

"Mbona mmenuna humu? Nani kafa?"

Sadhbh anamkumbatia mguu uliolowa. "Kaa chini, baba. Usiende popote."

Donncha anamtazama mwanawe, kisha Gobnait. Mzaha unamtoka. Anakaa sakafuni. "Haya, Gobnait. Soma."

Gobnait anakitoa kitabu chini ya kiti cha dereva. Anasoma kwa sauti inayokatika, mpaka wavuvi wanapowafikia wale watoto, wanawavuta ndani na kuwafunika mablanketi.

"Wote wawili?" anauliza Sadhbh.

"Wote wawili."

Mtoto anashusha pumzi, anaegemea kifua cha baba yake.

Gobnait hana mpango wa kuuacha mwiko. Ameongeza wake.

"Boti nitazitazama mpaka nistaafu," anasema, akikirudisha kitabu rafuni. "Lakini mwito ukilia tena katikati, sifungi. Nitasoma huku natetemeka, niwatoe kwanza wale watoto majini. Ndipo nikimbilie gatini."