Kicheko Kilichochelewa

Shemeji yangu, mume wa dada, hakuwahi kumwamini mtu anayecheka. Usimlaumu haraka. Kwa miaka thelathini na mbili kazi yake katika kituo cha televisheni ilikuwa kuweka vicheko kwenye michezo ya kuchekesha. Waigizaji wakishamaliza yao, yeye alijifungia kwenye chumba chenye kuta za sponji, akatazama mkanda, akaamua watu wacheke wapi, kwa nguvu gani, na wanyamaze lini. Vicheko vyenyewe alivirekodi kwa watazamaji waliokuja studio, akavipanga kwenye rafu, kila kimoja na lebo yake: "mnene mwenye kikohozi", "wasichana watatu", "mlinzi aliyeelewa kesho yake". Kazini walimwita Bwana Kicheko, kwa kejeli, maana mwenyewe alikuwa na uso wa mtu anayesubiri majibu ya hospitali.

Dada yangu naye alitoka kwenye rafu hiyo hiyo. Wakati huo alikuwa posta, kazi yake kuunganisha simu, akapata tiketi ya bure ya kwenda kutazama mchezo ukirekodiwa. Siku ya pili Bwana Kicheko akawa anasikiliza mkanda wake, akausimamisha, akaurudisha nyuma. Kicheko kimoja kilikuwa kimewatangulia watu wote ukumbini. Wenzake walikuwa bado wanawaza, mwenye hicho alishaelewa na kumaliza. Alikiandikia lebo: "wa kwanza". Wiki mbili baadaye akapiga posta kuomba kuunganishwa na mtu fulani, mwunganishaji akacheka kidogo kwa jambo fulani, na simu ile haikuunganishwa popote. Wanaume wengine huvutwa na macho, wengine na mwendo. Huyu alioa kicheko, na wamekaa miaka arobaini na moja.

Mimi ni mshonaji, naishi nyumba ya tatu kutoka kwao. Kituo kilipoanza kurudia michezo ya zamani kila Jumamosi saa kumi alasiri, nilihamia kwao siku hiyo, kwa sababu televisheni yao ni kubwa na kochi lao halina springi zilizochomoza kama langu. Mchezo tulioupenda ulikuwa wa mwenye nyumba bahili na mpangaji wake wa chumba cha nne. Kila mmoja alikuwa na kipande chake. Mimi nilikufa kwa kicheko pale mpangaji anapopiga pasi suruali yake ya pekee huku wageni wakibisha hodi, kisha anawapokea amesimama nyuma ya mbao ya kupigia pasi hadi wanaondoka. Dada alipenda kile cha kabati. Mwenye nyumba amejificha ndani ya kabati ampeleleze mpangaji, kumbe siku hiyo mpangaji analiuza. Wachukuzi wanalibeba wakilalamika uzito. Mnunuzi anataja bei, mara sauti inatoka ndani ya kabati: "Ongeza! Hii ni mbao ngumu!"

Hapo dada kila mara alicheka kabla ya neno "ongeza". Aliujua mchezo kwa moyo, lakini siyo hiyo sababu. Hata mara ya kwanza alicheka kabla.

Basi Jumamosi moja kabati likapita, sauti ikatoka, vicheko vyote vya rafuni vikalia, halafu ndipo dada akacheka. Mimi sikuona tatizo. Nilipoaga, shemeji alinifuata hadi getini, akafunga mlango wa nyumba nyuma yake.

"Shemeji, umemsikia?"

"Nimemsikia nani?"

"Dada yako. Amechelewa."

"Amechelewa wapi? Si alikuwa amekaa pale pale?"

"Kucheka. Nusu sekunde, labda zaidi. Na hakikuwa kicheko chake. Kilikuwa cha kubandika." Alinisogelea. "Mimi nimebandika vicheko maisha yangu yote. Navijua."

Nikamwambia akalale mapema. Lakini maneno ya mtu mwenye wasiwasi ni kama upupu, yakikugusa utajikuna tu. Jumamosi iliyofuata nilikaa nikimtazama dada badala ya televisheni, na kweli, alichelewa. Nikaona na mengine. Alikuwa amehamisha kiti chake kutoka ubavuni mwa mumewe akakiweka pembeni, karibu na dirisha, eti jua linamuumiza macho, na hapo dirishani ndipo jua lilipokuwa. Simu yake, ambayo zamani ilizagaa mezani kila mtu akiipokea, sasa ililala kifuani mwake. Ikilia akiwa ameiacha jikoni, anaiacha ilie hadi ichoke. Ukimuuliza swali anakutazama usoni, anatabasamu, anajibu "ehee".

"Kimya kingi kina mshindo mkuu," shemeji aliniambia. Tulikuwa tumezoea sasa kukutana pale getini kama wezi. "Anapokea simu nisipokuwepo. Na kila Jumatano asubuhi anatoka. Anasema anakuja kwako kupimwa gauni."

"Kwangu?" Sijamshonea dada gauni tangu harusi ya binti yake. Damu ilinipanda. Mtu akitaka kudanganya adanganye kwa jina lake, siyo kwa cherehani yangu.

Shemeji akasema jambo lililonifanya nisicheke tena habari zake. "Kicheko chake cha kweli kuna mtu anakipata. Mimi naletewa cha adabu. Nikihakikisha, nafunga virago nakwenda kwa dada yangu. Siwezi kuzeeka na mtu anayenichekea kwa adabu."

Nikamwambia apime kwanza. Nikiri kosa langu, wazo lilikuwa langu. Katika mchezo ule kuna kipande kimoja ambacho hakina mzaha: mwenye nyumba anapokea barua kuwa mama yake ni mgonjwa, anakaa kitandani na barua mkononi, na kamera inamtazama tu. Shemeji hakuweka kicheko hapo hata kimoja, na alijivunia sehemu hiyo kuliko zote. Tukakubaliana. Jumamosi ilipofika, barua ikafunguliwa, mwenye nyumba akainamisha kichwa, na Bwana Kicheko, aliyekuwa hajacheka kwa sauti mbele yangu tangu nimjue, akaachia kicheko kama mbuzi aliyekanyagwa.

Dada akamtazama, naye akacheka.

Alicheka vizuri, hadi akajifuta jicho. Mwanamke ambaye zamani alilia kwenye kipande hicho kila mara, leo alikuwa akiucheka ugonjwa wa mama wa watu. Nilijiambia kwamba huyu siye dada yangu tena, amegeuka mtu mwingine, na mtu huyo anatufanyia maigizo. Shemeji hakunitazama. Alichukua rimoti akapunguza sauti, akaongeza, akapunguza tena.

Jumatano iliyofuata tulijificha nyuma ya tanki la maji la jirani, mimi na yeye, watu wazima wenye vitambulisho. Dada alitoka kavaa viatu vya kutokea, akamwambia jirani kwa sauti kubwa kwamba anakwenda kwa mdogo wake kupimwa gauni. Mdogo mwenyewe nilikuwa hatua kumi kutoka kwake, nimekanyaga matope. Nikamkumbuka mwenye nyumba ndani ya kabati, lakini sikuwa na nafasi ya kucheka.

Tulimfuata kupita maduka ya vifaa vya ujenzi, hadi jengo la ghorofa tatu lenye duka la dawa chini. Pale mlangoni kijana mmoja mwenye tai alimpokea kwa mikono miwili, akamshika kiwiko, wakapanda ngazi.

"Umeona kiwiko?" shemeji alinong'ona.

"Nimekiona."

"Kijana mdogo kabisa!"

"Panda ngazi, acha kuhesabu umri wa watu."

Juu palikuwa na ukumbi mwembamba wenye viti vinne na mzee amesinzia kwenye kimoja. Msichana wa mapokezi alituuliza kama tuna miadi. "Ninayo," shemeji alisema, "ya miaka arobaini na moja," akapita. Mimi nikamfuata bila hata kusoma kibao cha mlangoni. Hasira haisomi vibao.

Mlango ulikuwa wazi nusu. Ndani niliona kuta za sponji, na katikati kijumba cha kioo. Dada alikuwa amekaa ndani ya kioo kile kwa ubavu, amevaa vipokea sauti vikubwa kichwani, ametulia. Kijana wa tai alikuwa nje, mbele ya mashine yenye vifundo na mshale, akizungusha kifundo kidogo kidogo.

Shemeji alinibana mkono hadi nikaumia. "Studio," alisema. "Wanamrekodi. Anakiuza kicheko kwa kituo kingine!"

Nakuapia, kwa dakika moja nzima niliamini. Nilikuwa nimeshaandaa maneno ya kumwambia dada, na hayakuwa mazuri. Nikasukuma mlango ili niyaseme. Lakini shemeji alikuwa ameacha kumtazama mkewe. Macho yake yalikwenda kwenye mashine, kwa mazoea ya kazi, akausoma ule mshale. Ulikuwa umelala mbali upande wa kulia. Aliusogelea, akainama, akausoma tena.

"Hii ndiyo sauti anayosikilizishwa sasa hivi?" aliuliza.

Kijana alishtuka. "Mzee, huruhusiwi kuingia. Wewe nani?"

"Nijibu, mwanangu. Ni hii?"

"Ndiyo. Sikio la kushoto."

"Kwa sauti hii mtu huruka kwenye kiti."

Ndani ya kioo dada alikuwa ameshika kitufe cha kubonyeza akisikia chochote. Kidole gumba kilikuwa juu ya kitufe, tayari, kama mtoto wa shule anayesubiri kunyoosha mkono mwalimu akiuliza. Kijana akazungusha tena. Mshale ukafika mwisho. Kidole hakikusogea.

Nilitaka ardhi inimeze. Simu ilikaa kifuani ili aihisi ikitetemeka. Kiti kilikwenda dirishani ili aone nyuso zetu. Yale yote "ehee" yalikuwa majibu ya maswali ambayo hayakumfikia. Nami, mtoto wa mama mmoja naye, nilikuwa nimekaa naye kila wiki nikimchunguza kama mlinzi wa duka, na sikuona kitu.

Dada aligeuka akatuona. Alivua vipokea sauti, akatoka, akatuangalia kuanzia nyuso hadi matope ya viatuni.

"Nani amekufa?" aliuliza.

"Hakuna," shemeji akasema. "Kwa nini hukuniambia?"

Dada alimtazama mdomo akiongea. Sasa nilijua anachotazama. "Nikuambie nini? Wewe ni mtu wa masikio. Mimi nilikaa posta miaka ishirini, mji mzima ulipita sikioni mwangu, na wewe ulinichukua kwa kicheko kilichotangulia. Nije nikuambie kwamba wa kwanza amekuwa wa mwisho?" Sauti yake ilikuwa kubwa kupita kiasi, yule mzee wa nje akaamka. "Mwezi wa pili huu sijasikia hata neno moja la yule mwenye nyumba."

"Na unacheka?"

"Nacheka nikiona mabega yako yanacheza."

"Mimi sicheki," shemeji alisema. "Kila mtu anajua sicheki."

"Unacheka kwa mabega. Tangu siku ya kwanza. Hakuna anayejua ila mimi." Akamgusa bega kwa vidole viwili, pale pale, kama mtu anayeonyesha swichi. "Ndiyo nilihamisha kiti. Ukiwa ubavuni siwezi kukuona vizuri."

"Ile siku ya barua," mimi nikasema polepole ili anione mdomo, "ulicheka."

"Yeye alicheka! Tena kwa mdomo! Miaka arobaini namsubiri acheke kwa mdomo, niache kucheka naye?"

Shemeji alikaa kwenye kiti cha kijana wa mashine bila kuombwa. Aliweka mkono kwenye kile kifundo, akakirudisha taratibu hadi sifuri, kama alivyofanya kila jioni ya kazi kabla ya kuzima taa. Halafu akauficha uso wake, na mabega yakaanza. Safari hii hakuwa anacheka, na dada hakukosea kusoma.

Kijana wa tai alisema sikio la kulia linaweza kusaidiwa na kifaa, kidogo. La kushoto, basi. Nilimwomba dada msamaha pale ngazini, nikamwambia habari ya getini, ya tanki la maji, hata mtego wa barua kwamba ulikuwa wangu. Alinisikiliza kwa macho hadi mwisho. Akasema gauni hilo sasa nitalishona, na nitalishona bure.

Jumamosi saa kumi nilipoingia nilikuta shemeji amebeba kiti chake, amekiweka kando ya televisheni, kakipa kioo mgongo. Alikuwa amemkabili mkewe. Mchezo ulipoanza, yeye hakuuona kabisa. Alisikiliza, kisha akawa anatamka kwa midomo maneno ya mwenye nyumba, ya mpangaji, ya wachukuzi, mmoja baada ya mwingine, bila sauti. Ni yeye aliyeubandikia vicheko mchezo ule neno kwa neno, hakukosea hata moja.

Kabati likaletwa. Mnunuzi akataja bei. Shemeji akafumbua mdomo wote: "Ongeza!"

Vicheko vya zamani vikalia kwenye televisheni, mnene mwenye kikohozi, wasichana watatu, na ndani yake, mbele ya vyote, kimoja cha msichana wa posta. Vikaisha. Chumba kikawa kimya. Nusu sekunde, labda zaidi. Shemeji alikuwa ameinama mbele, mikono magotini, anasubiri.

Kisha dada akacheka.