Matangazo yetu yamepatikana kwa mandazi

Nani amebandua matangazo yetu yote hapa mtaani Laini Saba?

Leo asubuhi nilitoka kumtafuta nikiwa nimewaka. Mchezo wetu wa kuigiza unaanza saa nane mchana, na ukutani hakuna hata karatasi moja!

Nikazipata kwa Mama Auma. Anafungia wateja mandazi nazo, maandishi yakiangalia nje.

"Mama, hayo ni matangazo yetu!"

"Kwani huko ukutani nani alikuwa anayasoma?"

Nilinunua mandazi mawili nikaenda kujiandaa.

Saa nane watu wamejaa ukumbini hadi mlangoni, wengi wameshika karatasi zetu zikiwa na mafuta.

Mbele kabisa amekaa Mama Auma. Ananivuta mkono:

"Siku ingine niletee mwenyewe, nisihangaike kubandua. Na iwe karatasi nyepesi, hii inasumbua kukunja."