Mtoto wa Tuone

Nakumbuka siku moja, mjukuu wangu, bibi yangu mzaa mama akiwa amesimama mlangoni mwa zizi la mbuzi, kaziba njia, na mbele yake jirani, Mzee Shija, kashika rungu. Nimeikumbuka kwa sababu yako. Jana umenisomea kwenye simu kwamba nchi za baridi mbwa mwitu wanapandana na mbwa wa watu, damu inachanganyika, kisha ukasema kwa raha zako watoto wa namna hiyo wauawe wote, yaishe. Jibu nililiweka mpaka leo. Nilikuwa nakunywa chai, sikutaka kupaliwa kwa hasira.

Basi sikiliza. Nilikuwa msichana mkubwa tu. Baba yangu, kama ujuavyo, Mwarabu wa hapa Tabora mjini; babu zake walikuja na misafara ya zamani wakanogewa, wakabaki. Mama Mnyamwezi wa upande wa Urambo. Kila likizo nilipanda treni kwenda kwa bibi. Mjomba alikuwa na mbwa jike, Tuone, hafungwi usiku wala mchana. Mara akapotelea porini siku kadhaa, akarudi, baadaye akazaa. Alipona mtoto mmoja tu: masikio yamechongoka, mgongo una weusi, mkia manyoya tele. Kijiji kizima kikasema baba yake mbweha.

Bibi hakujali. Alimlea kama walivyolea mbwa wa kuchunga: anapewa uji humo humo zizini, analala na mbuzi, akue akijua hao ndio watu wake. Uji nilimpelekea mimi. Nilimpenda yule mtoto wa mbwa, sikufichi, ingawa baba angejua namshika angenisugua kwa udongo kuondoa najisi mpaka ngozi itoke.

Ndipo mbuzi mchanga wa Mzee Shija akaliwa. Hakuna aliyeona, lakini kila mtu alijua nani kala. Shija akaja na rungu lake.

"Mama, nipishe nimmalize," alimwambia bibi. "Huyu nusu mbweha. Damu itamvuta tu."

Bibi hakupaza sauti. Alinishika mkono akanivuta mbele. "Shija, mjukuu wangu huyu nusu Mwarabu. Ulipolala mgonjwa, yeye ndiye aliyekuletea maji. Hebu niambie, ndoo ilibebwa na nusu ipi?"

Shija akateremsha rungu. Mimi nikaanza kulia, maana shuleni wenzangu walikuwa wakiniita chotara, nami nilidhani bibi hajui.

"Ukimkuta na damu mdomoni, njoo, nitakushikia mwenyewe," bibi akamalizia. "Leo hujaona kitu."

Shija akaondoka. Mjomba, aliyekuwa kando, akacheka, na hapo ndipo moto ukamgeukia yeye. "Usicheke wewe. Mbweha hakuja hapa kuposa. Mbwa wako ndiye uliyemwacha azurure. Endelea hivyo, siku moja porini mbweha hatumwoni tena, tutaona mbwa wasio na kwao." Jioni ile ile Tuone akafungwa kamba.

Yule mtoto alikua. Usidhani alikuwa shujaa, alikuwa mwoga ajabu. Mgeni akipiga hodi tu, yeye yuko chini ya ghala. Lakini mbuzi hakugusa. Kama baba yake alikuwa mbweha kweli, sijui hata leo. Masikio hayatoshi kuwa ushahidi, na enzi zile nani angempima damu mbwa wa mjomba?

Mwanangu, wanaolinda mbwa mwitu huko kwao wana hofu ya kweli, wasije wakaisha wote wakageuka mbwa tu. Siwabezi. Nawe ukitaka kulinda kitu, kilinde mapema: funga mbwa wako. Lakini kilichokwisha kuzaliwa kipime kwa matendo yake, si kwa maneno ya watu juu ya baba yake. Na siku nyingine ulimi ukikuwasha kusema wauawe wote, mtazame kwanza unayemwambia. Mama yako nimemzaa mimi, na damu hii mnayo nyote wawili.

Mungu akupe subira ya kuona kabla ya kuhukumu. Akujalie nyumba yenye watu wa kila namna, na kila mmoja wao akuite wake.