Nilipigwa Ngumi kwa Kovu la Mzee Pyo

Ngumi ilinikuta nimeshika fremu kwa mikono miwili.

Aliyenipiga alikuwa kavaa suti nyeusi ya msiba, na alinipiga mbele ya baba yake mzazi, ambaye alikuwa ananitazama kutoka kwenye picha huku anacheka.

Niliona nyota mchana kweupe. Nikajikuta nimekaa katikati ya maua meupe ya marehemu bila kukaribishwa.

"Nilikwambia umsafishe," akasema yule bwana. "Hicho kitu usoni kinafanya nini?"

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo, maana nikianzia kwenye ngumi mtadhani mimi ndiye mchokozi.

Naitwa Maeng Ok-ja. Duka langu la picha liko hapa Daegu, Korea, linatazamana na ukumbi wa misiba. Mtu akifa, machozi hayajakauka, mmoja wa familia anavuka barabara na simu mkononi.

"Mama wa picha, tutengenezee ya kuweka mbele."

Wengi hawana picha ya maana. Wanakuja na ya babu aliyopigwa mlimani, kavaa kofia, mdomo umejaa tango. Mimi namvua kofia, namfumba mdomo, namvalisha suti. Kwenye kompyuta yangu nina suti na hanboki, yale mavazi yetu ya asili, za kuvalisha ukoo mzima.

Na nusu ya kazi hii ni umbea, sifichi. Siwezi kumtengeneza mtu nisiyemjua. Nauliza alichekaje, aligombana na nani. Watu wanakunywa kahawa yangu wananimwagia ya moyoni. Duka halikosi watu.

Shida haiko kwenye kuanza. Shida ni kujua umemaliza.

Maana kompyuta haikwambii basi. Unatoa doa, unaona kunyanzi. Unatoa kunyanzi, unaona jino. Ukija kushtuka, babu wa watu kawa bwana harusi.

Mzee Cheon aliyenifundisha kazi alikuwa na kipimo chake. "Ok-ja, wakisema kapendeza, ujue bado. Picha ya marehemu imekwisha pale mtu anapoacha kuitazama na kuanza kuongea nayo. Kabla ya hapo ni karatasi."

Sasa tuje kwa Mzee Pyo.

Mzee Pyo alikuwa anauza supu ya nguruwe pale sokoni. Supu yake ilikuwa inafufua walevi, ila yeye mwenyewe pombe hakuigusa. Usoni alikuwa na kovu kutoka kwenye nyusi mpaka shavuni, kama mtu kapasuliwa akashonwa na fundi viatu.

Na soko zima lilijua nani alilitia. Mwanawe mkubwa, Dal-su. Alimchoma baba yake na mkasi akiwa kijana, akatimkia Ulsan kuchomelea meli. Akawa anarudi sikukuu moja moja, anakula kichwa chini, anaondoka.

Kwetu huku, mtoto aliyemwaga damu ya baba yake hana tofauti na mbwa. Mbwa ana afadhali, ana mwenyewe.

Kwa hiyo Dal-su alipoingia dukani asubuhi ile, nikasema moyoni, kumbe ndiye huyu.

Alinipa picha ya mzee kavaa aproni, kashika upawa. "Mtie suti. Msafishe."

Nikamsafisha. Jasho, mafuta, mvuke wa supu, vyote nikatoa. Kovu nikaliacha. Kwani wateja walimwitaje? Mzee wa Kovu.

Ndiyo nikala ile ngumi.

Wajomba walimshika. Mama yake, Mama Dal-su, alikuwa kajikunja pembeni anatazama sakafu kama vile aliyepigwa ni jirani wa mbali.

"Unaniletea baba yangu hana kovu," Dal-su akasema, sauti ya chini kabisa. "Kabla mdogo wangu hajafika. Umenielewa, mama?"

Nilimwelewa. Shavu langu lilikuwa limemwelewa zaidi.

Nikavuka barabara uso umevimba kama mandu, yale maandazi yetu ya nyama. Nikachukua ngozi ya shavu zima nikaifunika juu ya shavu bovu. Nikalainisha, nikapaka kivuli. Kovu likatoweka.

Pale kwenye kioo alibaki mwanamume wa tangazo la bima.

Nikampelekea. Dal-su akaitazama muda mrefu. "Kapendeza," akasema, akaipachika katikati ya maua.

Nikakumbuka kipimo cha Mzee Cheon. Nikakumbuka na ngumi. Nikaanza kukusanya vitu vyangu.

Nilikuwa bado nafunga begi langu mdogo mtu alipoingia.

Ran-hui, binti muuguzi wa Busan, kipenzi cha marehemu. Aliingia mbio, kiatu kimoja bado kiko mguuni, hajakivua mlangoni. Akapiga magoti ainame kwa baba yake. Akainua macho.

Hakuinama.

"Huyu nani?"

Anayekula akaacha kijiko kwenye supu.

"Nauliza, huyu nani mmemweka hapa?"

"Ran-hui," Dal-su akasema, "keti kwanza."

"Nike... niketi wapi? Ulimkata akiwa hai. Sasa kafa unamfuta, ili wageni wako wasikuulize?"

"Keti, mdogo wangu."

Iliyoketi ni fremu, kichwani mwa kaka yake. Aliing'oa ile fremu kwenye maua akamshushia nayo utosini. Kioo kikapasuka. Damu ikamtiririka mpaka kwenye kile kitambaa cha katani cha mkononi, anachovaa mkuu wa wafiwa.

Akampiga tena na mbao iliyobaki. Na tena. Mjomba alipoingilia akala kiwiko cha pua. Meza ikapinduka, supu ya pilipili ikawaka kwenye mapaja ya watu, na binamu mmoja aliyekwisha lewa soju akadhani vita imetangazwa. Akang'oa mguu wa stendi ya shada la maua akampasua binamu mwenzake, ambaye hakuwa amesema neno. Hao walikuwa na yao ya siku nyingi.

Wanawake wanapiga yowe, wanaume wanabingirishana kwenye maua. Mimi nimejibanza ukutani na begi langu kifuani.

Ila mwenzenu macho yangu hayalali. Nikaona kitu.

Dal-su hakurudisha.

Lile jitu lenye mikono ya kukunja chuma, lililoniangusha mimi kwa kovu tu, limesimama linapigwa kama ngoma. Halikingi hata uso.

Ran-hui akaokota kipande cha kioo.

"Vua hicho kitambaa. Humziki wewe."

"Siwezi."

"Nitakukata pale pale ulipomkata."

Akainua mkono. Na mimi nilimwamini.

Aliyeudaka ni Mama Dal-su. Sikumwona hata alivyonyanyuka. Aliukamata mkono pamoja na kioo chake, na damu ya kiganja chake ikachuruzika mpaka kwenye kiwiko.

"Ulifanya hivihivi," yule mama akasema. "Ulikuwa umeinua mkono hivihivi."

"Mama, nyamaza," Dal-su akasema. Mara ya kwanza namsikia anaomba.

"Nimenyamaza mpaka mwenye kovu kafa. Ran-hui, baba yako alikuwa kalewa. Kaniburuza kwa nywele, kanikalia kifuani, ananipigisha kichwa sakafuni. Kaka yako anamvuta kwa nyuma, hamwezi. Wewe ulikuwa huna hata meno ya mbele. Ukachukua mkasi wa kukatia nyama mezani."

Ran-hui akatikisa kichwa. Taratibu.

"Majirani waliposukuma mlango, mkasi ulikuwa mkononi mwa Dal-su. Alikunyang'anya. Akasema yeye ndiye aliyemkata."

"Muongo."

"Akasema mtoto wa kike aliyemkata baba yake, nani atamtazama. Baba yako alisikia, na damu iko jichoni. Hakubisha, na tangu siku ile pombe hakuigusa tena."

Kioo kikaanguka.

Dal-su akafuta damu kwenye nyusi zake, akamgeukia mdogo wake kama mtu aliyefumaniwa. "Nilitaka picha iwe safi," akasema. "Usije ukalitazama leo ukakumbuka. Basi."

Jamani, nimeona mengi kwenye misiba. Safari hii hata yule binamu mlevi aliuweka chini ule mguu wa stendi.

Ran-hui ndiye aliyenifuata. "Mama wa picha, lile kovu umelitupa?"

"Kwenye kompyuta hatutupi, mwanangu," nikamjibu. "Nililifunika tu. Lipo chini."

Wakavuka barabara wote watatu. Mama na kitambaa kiganjani, Dal-su na taulo kichwani, Ran-hui katikati. Nikafungua picha, nikaanza kupunguza ile ngozi ya juu kidogo kidogo. Mstari ukajitokeza, mwembamba kama unywele.

"Hapo panatosha," Dal-su akasema haraka.

"Endelea," Ran-hui akasema.

Nikaendelea. Kovu likatoka lote, na mishono yake ya fundi viatu. Mkono wangu, kwa mazoea, ukaenda kulainisha kingo. Doa dogo tu, nikajiambia, na pale chini ya jicho.

Ran-hui akasogeza kiti karibu na kioo cha kompyuta.

"Mzee," akasema, na alikuwa haongei na mimi. "Ulimwachaje kaka abebe? Miaka yote unaninywesha supu, unanitazama, unamwachaje abebe?"

Nikaondoa mkono kwenye kompyuta.

Ile kazi ilikuwa imekwisha.

Nikachapa, nikatia fremu mpya. Msafara ulipotoka, aliyebeba picha alikuwa Ran-hui, kovu mbele, soko zima linaliona. Na kila aliyemsogelea kunong'ona juu ya kaka yake alijibiwa kwa sauti ya kusikika mpaka nyuma: "Ni mimi niliyemkata."

Ninachowaachia ni hiki. Ukimtengeneza mtu wako, kwenye picha au kwenye masimulizi, usipime kwa alivyopendeza. Wapo watu wenu hamjawahi kuwauliza chochote kwa sababu mmewalainisha mno.

Na shavu langu lilipona. Dal-su alikuja kuniomba radhi na sufuria ya supu ya nguruwe, kapika mwenyewe.

Ilikuwa na chumvi nyingi. Nikainywa mpaka tone la mwisho.