Amplifaya ya Mkunga

Mkunga alipostaafu, mtaa ulidhani sasa atapumzika. Kumbe walikuwa hawamjui. Wiki ya kwanza alipaka rangi jiko. Wiki iliyofuata alishona upya mapazia ya nyumba nzima, hata yale yasiyokuwa na kasoro. Bintiye, aliyekuwa muuzaji kwenye duka la dawa na bado akiishi naye, alirudi kazini jioni moja akamkuta juu ya ngazi anasugua dari.

"Mama, ukiendelea hivi utanipaka rangi na mimi."

"Nyamaza," mama akasema. "Natafuta pa kuanzia."

Kitu kimoja hakukiacha alipoacha kazi: kuwapima presha wazee wa jirani. Mmoja wao alikuwa mwalimu wa muziki, mstaafu kama yeye, aliyeishi peke yake nyumba ya kona. Siku moja mkunga aliingia na mashine yake ya presha akamkuta ameketi mbele ya sanduku la chuma lililokuwa juu ya meza. Juu ya sanduku zilisimama chupa ndogo za kioo, na ndani ya kila chupa palianza kuwaka wekundu kama kaa linalopulizwa.

"Hizo taa za nini?"

"Si taa, ni valvu. Hii ni amplifaya, ndiyo inayoipa spika nguvu. Zamani hata redio zilitumia hizi, kabla ya vile vidude vidogo kama punje za mtama."

"Mbona hailii?"

"Ngoja zipate moto. Hiki si chombo cha mtu mwenye haraka."

Wakangoja. Mwalimu akaweka sindano juu ya santuri, na sauti ya mwanamke ikajaa sebuleni. Lakini kilichomshika mkunga hakikuwa wimbo. Kabla ya ubeti, alimsikia yule mwimbaji akivuta pumzi. Aliisikia kifuani, kama mtu amesimama nyuma ya kiti chake. Mkunga alikuwa ametumia ujana wake wote akiweka pembe ya mbao juu ya matumbo ya wajawazito na kutega sikio. Masikio yake yalikuwa hayadanganyiki kirahisi.

"Rudisha hapo," akasema.

"Hapo wapi?"

"Hapo anapovuta pumzi."

Mwalimu akarudisha. Presha ikasahaulika.

"Wimbo huu ninao kwenye simu," mkunga akasema baadaye. "Hiyo pumzi sijawahi kuisikia."

Mwalimu akacheka. "Ipo hata humo, ukiwa na spika nzuri. Wapo watakaokwambia valvu inaongeza tu chumvi yake kwenye sauti. Huenda ni kweli. Mimi naipenda hiyo chumvi."

Haukupita muda, mwanawe mwalimu akaja kumchukua akaishi naye ghorofani, kwenye vyumba viwili visivyo na nafasi hata ya kugeuza godoro. Mwalimu akagawa vitu vyake. Amplifaya, kinanda cha santuri, santuri zenyewe na spika mbili alimpa mkunga. Vikapelekwa kwa mkokoteni, vikirushwarushwa na kila shimo la barabara, na vilipofika na kuchomekwa, spika moja ikavuma kama nyuki waliofungiwa chunguni. Ya pili ikakaa kimya. Kisha ikaja harufu ya kuungua.

Bintiye akachomoa waya ukutani. "Basi, imekufa. Tuifanye stuli."

"Haijafa," mama akasema. "Imechoka."

Fundi redio wa mtaa aliitwa Miwani, kwa sababu alivaa miwili kwa mpigo, mmoja machoni, mwingine kwenye paji la uso. Mkunga ndiye aliyewapokea watoto wake wote, na yeye na mke wa Miwani walikuwa kama dada, kwa hiyo wakaitana shemeji na kutaniana bila huruma. Miwani aliitazama amplifaya, akapiga mluzi, kisha akaisukuma mbali.

"Peleka makumbusho, shemeji."

"Nimeileta kwa fundi. Au nimekosea kibanda?"

Miwani akanyoosha mikono yake juu ya meza. Ilikuwa ikitetemeka, si kidogo. "Pasi ya kulehemu naishika bado, ila inakwenda inakotaka yenyewe. Siku hizi nabadilisha betri za rimoti tu."

Mkunga akaitazama ile mikono kwa muda. "Macho je?"

"Macho mazima."

"Mdomo najua ni mzima. Basi wewe sema, mimi nitashika."

Ndivyo walivyoanza. Kila asubuhi, akishafagia uwanja, mkunga alikwenda kibandani, akakaa upande wa pili wa meza. Mwanzoni risasi yake ya kulehemu iliganda kwa mabonge kama kinyesi cha ndege. Miwani alimcheka mpaka akavua miwani yote miwili kufuta machozi. Mkunga hakununa. Aliomba mabaki ya redio zilizokufa, akaunganisha na kutenganisha waya mpaka vidole vikapata malengelenge, na malengelenge yakapasuka, yakawa sugu. Mwisho kila kiungo kikatoka kinang'aa, laini, kama tone la maji.

"Umejifunza wapi kutulia hivi?" Miwani akauliza.

"Nimeshona watu wanaopiga mayowe, kwa mwanga wa tochi. Hii waya hata hailii."

Miwani alimfundisha kusoma valvu kwa macho. Juu ndani ya kioo kuna doa linalong'aa kama fedha. Doa hilo likigeuka jeupe kama maziwa, hewa imeingia, valvu imekwisha. Za mwalimu zilikuwa na fedha yake yote. Tatizo lilikuwa kapasita, vile vikopo vinavyotunza umeme. Vilikuwa vimezeeka na kuvimba.

"Sikiliza vizuri," Miwani akasema, na safari hii hakutania. "Kapasita ni mtungi. Ukichomoa waya ukutani, mtungi haumwagiki. Bado umejaa. Lazima uumwage kwanza, upime, ndipo utie mkono. Na mkono mmoja tu, mwingine uweke mgongoni."

Alisikiliza, na kila siku akafanya hivyo. Isipokuwa siku moja. Walikuwa wameiwasha kujaribu kapasita mpya, wakaizima, na Miwani akaitwa mlangoni na mteja. Mkunga akaona waya umelegea. Akaugusa.

Bintiye alikuwa ndiyo kwanza anaingia na chakula cha mchana. Alimwona mama yake akirushwa nyuma na kuangukia rafu ya spika kuukuu. Sufuria ikamtoka mkononi. Mkunga alikuwa hai, mdomo umekufa ganzi, kiwiko kinatoka damu, na neno lake la kwanza lilikuwa, "Kosa langu. Sikumwaga mtungi."

"Mama, umezalisha wanawake umri wako wote hujafa, unataka ufe kwa ajili ya santuri?"

Kesho yake mkunga alikwenda zahanati kupimwa moyo. Aliporudi alimkuta bintiye ameketi mezani, mikono imefumbatana.

"Nimeiondoa," binti akasema. "Nimeichukua kwa Miwani, nikampa mnunua vyuma. Unaweza kunikasirikia."

Mkunga hakufoka. Aliinama akavaa tena viatu alivyokuwa amevivua.

Uwanja wa mnunua vyuma ulikuwa nyuma ya soko, umezungushiwa mabati. Alimkuta mwenyewe ameshika nyundo, na amplifaya imelala ubavu juu ya rundo la rimu za baiskeli. Valvu moja kubwa ilikuwa imepasuka. Zilikuwa zimebaki nyaya na kioo kilichochongoka.

"Simamisha mkono huo," mkunga akasema.

"Mama, ndani mna shaba nzuri. Transfoma peke yake..."

"Najua kilichomo ndani. Nimekiweka mimi."

"Nimeshapima uzito. Hapa mzigo ukiingia hautoki kwa maneno."

"Unataka uzito?" mkunga akauliza. "Nitakuletea uzito. Weka hiyo nyundo chini mpaka nirudi."

Nyumbani, chumba cha wageni kilikuwa na kitanda cha chuma, kizito, cha zama za mama mkwe, ambacho wageni wote walikilalamikia. Mkunga akachukua spana akakifungua, akaomba toroli kwa jirani mwashi, akapakia fremu ya kichwani na miguu yote, akaanza kusukuma. Gurudumu lilikuwa halina upepo. Watu wakatoka madukani kuangalia. Mmoja akauliza kama anahama.

Alipofika karibu na soko, mikono mingine ikashika mpini pembeni ya mikono yake. Alikuwa bintiye. Wakasukuma pamoja, mpaka binti akashindwa kuvumilia.

"Mama, mimi naogopa."

"Najua. Mimi pia naogopa. Nilimwogopea kila mwanamke aliyelala mbele yangu. Ule woga haukunifukuza kazini. Ulinifundisha kunawa mikono."

Binti akasukuma hatua kadhaa. "Basi mita ya kupimia umeme nitashika mimi. Hutii mkono humo kabla sijapima."

"Utatoka dukani kila siku kuja kupima?"

"Utangoja mpaka nitoke."

Mkunga akafikiri. "Nitangoja," akasema. Mnunua vyuma akapokea kitanda, akakipima, akajikuta yeye ndiye aliyefaidika, na akawabebea amplifaya mpaka nje ya lango kwa adabu zote.

Sasa ilibaki ile valvu iliyopasuka. Madukani hakuna aliyeijua. Kijana mmoja alimpeleka kwenye rafu ya balbu. Miwani akakuna kichwa. "Namba hii ilikuwa pia kwenye redio kubwa za kabati, zile zenye kinanda cha santuri ndani. Zamani nilizitengeneza nyingi. Sasa ziko wapi, Mungu ajua."

"Mungu anajua, na wanawake wa mtaa huu wanajua," mkunga akasema. "Hakuna nyumba hapa ambayo sijaingia."

Akaanza kupita nyumba kwa nyumba. Alikunywa chai asiyoitaka, akaonyeshwa watoto aliowapokea, sasa wana ndevu. Redio moja aliikuta imeliwa na mchwa, ikamwagika unga alipoigusa. Nyingine ilikuwa na valvu, lakini madoa yote meupe. Miguu ilimvimba. Bintiye akamwekea maji ya chumvi kwenye beseni, na asubuhi mkunga akaondoka tena.

Hatimaye akafika kwa Mama Pacha, upande wa pili wa reli. Uani, chini ya paa la jiko, palikuwa na redio ya kabati, mbao zimepauka lakini nzima. Mkunga akachungulia nyuma kwa tochi. Namba ileile, na doa linang'aa.

"Ichukue, dada yangu," Mama Pacha akasema. "Ila si leo."

"Kwa nini si leo?"

Mama Pacha akainua kifuniko cha juu. Mahali pa kuwekea santuri alikuwa amelala kuku mwekundu, ametanua mabawa, anamtazama mkunga kwa jicho la shari. "Anaatamia. Ukilitikisa kabati ataacha mayai. Na mara ya mwisho aliyaacha yote."

Ili kuitoa ile valvu ilibidi kabati lilazwe. Mkunga akamtazama kuku, kuku akamtazama mkunga. Kisha akavuta kigoda akaketi, akacheka mpaka Mama Pacha naye akaambukizwa.

"Nimengojea uchungu wa wanadamu maisha yangu yote," akasema. "Nitashindwaje na wa kuku?"

Akawa anakuja kumkagua kuku kama alivyowakagua wajawazito. Alimletea mtama, akamwekea maji karibu ili asitoke mbali. Kuku alimdonoa siku za mwanzo, baadaye akamzoea. Vifaranga walipototolewa, Mama Pacha alimtuma mmoja wa pacha wake kukimbia kumwita, na mkunga akaja mbio kama enzi zake za kazi. Wakahamishia familia ile kwenye tenga, wakalaza kabati, na mkunga akaivuta valvu taratibu, akiizungusha kidogo huku na huku, mpaka ikaachia. Akaifunga kwa pamba.

Waliiwasha Jumapili mchana, sebuleni kwa mkunga. Binti akapima kila mahali Miwani alipomwonyesha, akatangaza kwa sauti ya duka la dawa kwamba ni salama. Swichi ikabonyezwa. Hakuna kitu. Kisha uzi mwembamba wa wekundu ukatokea ndani ya kila kioo, ukakua, hata ndani ya ile valvu ya kuku. Hapakuwa na mvumo. Hapakuwa na harufu. Mkunga alikuwa ameshikilia kanga yake kwa mikono miwili bila kujua.

"Weka santuri, shemeji," Miwani akasema. "Mimi nitaikwaruza."

Akaweka. Ikaja mikwaruzo midogo kama mvua ya mbali, halafu gitaa, halafu sauti ya mwanamume ikaingia katikati ya chumba, mahali ambapo hapakuwa na mtu. Binti aligeuka kutazama. Miwani alivua miwani yote miwili. Kwa muda wa wimbo mzima mikono ya Miwani, iliyolala magotini, ilitetemeka kama kawaida, lakini kwa mara ya kwanza baada ya miaka hakuificha.

"Upande wa kulia una unyonge kidogo," mkunga akasema upande wa santuri ulipokwisha.

"Valvu ya kulia ni ajuza," Miwani akakubali. "Itafanya kazi, lakini si kwa muda mrefu."

"Mama," binti akasema, "inalia. Inalia vizuri sana. Tuiache hivyo."

"Tutaisikiliza hivyo," mama akamjibu, akiigeuza santuri. "Kuiacha ni neno jingine."

Siku hizi kibanda cha Miwani kina viti viwili, na watu wameanza kuleta redio za mbao walizozirithi na kuzionea haya. Mkunga huzipokea, huzigonga, huwaambia wenyewe ukweli, hata ukiwa mchungu. Na kesho hatakuwepo kibandani. Anakwenda mji wa jirani kwa basi la asubuhi, kwa sababu ameambiwa kuna kinyozi mwenye redio ya kabati anayoitumia kuwekea taulo.